Nani Atamwogesha Mzee Kamaludin

"Unanyanyua nini nyumbani?" daktari alimuuliza.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa huko Bondeni, na Swafia alikuwa amelala juu ya kitanda chembamba, uso ameuelekeza ukutani kwa haya. Miezi minne alikuwa akiishi na uvimbe wa kiasi cha yai la njiwa kwenye kinena, upande wa kulia. Akisimama hutokeza, akilala hurudi. Hakumwambia mtu. Ngiri zote alizozisikia maishani mwake zilikuwa za wanaume, na mwanamke wa miaka hamsini na saba, aliyeachika mara mbili bila kupata mtoto, angeanzia wapi kuitaja sehemu ile mbele za watu?

"Nanyanyua ndoo za maji," alijibu. Kisha akaona uongo hautamfaa. "Na babangu."

Daktari Mirriam aliacha kuandika. "Ana uzito gani?"

"Sijampima. Yapata kilo sitini. Alipigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto umekufa. Namtoa kitandani, namkalisha, nampeleka msalani, namwogesha, namrudisha. Mara nne, mara tano kwa siku."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Mwaka wa tatu huu."

Daktari alivua glavu na kuketi. "Nisikilize, mama. Hii si ya kungojea. Utumbo ukinaswa pale tutakupasua kwa dharura, na operesheni ya dharura huwa mbaya. Nataka tuipange mwezi huu. Ukitoka hapo, wiki sita usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Na hata zikiisha wiki sita, kumbeba mtu mzima peke yako, basi tena."

"Basi tena mpaka lini?"

"Basi tena, mama."

Kutoka Bondeni hadi Kibokoni si mbali, lakini siku hiyo Swafia alitembea hatua za kuhesabu, mkono mmoja ndani ya buibui ameukandamiza kinenani, kana kwamba utumbo ungenaswa pale pale njiani. Alipita mbele ya duka dogo la baba yake bila kulitazama. Mzee Kamaludin alikuwa fundi wa saa, miaka arobaini na sita alikaa ndani ya duka lile, na tangu siku alipoanguka mlango wake haujafunguliwa ila kwa kufagiwa. Mwenyewe hakutaka hata kusikia habari ya kulipangisha.

Nyumbani alimkuta jirani yake, Bi Mwanaesha, ameketi mlangoni mwa chumba cha mbele akichambua mchele. Yeye ndiye aliyekuwa akimwangalia mzee kila Swafia alipokwenda kupaka maharusi hina.

"Umerudi salama? Wamekwambia nini hospitali?"

"Ni uchovu tu."

"Ah, lazima. Lakini weye una pepo yako, Swafia. Mtaa mzima wasema. Hakuna mtoto amtunzaye mzazi kama weye."

Maneno hayo Swafia alikuwa ameyasikia mara nyingi, na kila mara yalimwingia kama maziwa ya moto. Siku hiyo hakutaka kuyasikia. Aliingia ndani, akamsalimu baba yake, akampeleka kuoga kwa sababu saa yake ilikuwa imefika. Alimzungushia kikoi kiunoni, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamwinua, akahisi pale kinenani pakisukumwa kwa ndani. Alisimama kidogo huku amemkumbatia, pumzi ameizuia.

"Una nini?" mzee aliuliza.

"Sina kitu, baba."

Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akammwagia maji ya uvuguvugu. Mzee Kamaludin alifumba macho, kama alivyofanya siku zote akiogeshwa. Swafia alipenda kumwona hivyo. Aliamini ndiyo dakika kumi pekee za raha alizobakiwa nazo.

Basi wiki nzima akawa na hesabu moja kichwani, na kila akiipiga haikubali. Ndugu yake, Hussam, alikaa Kizingo, kwenye nyumba yenye bustani na geti. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kila Ijumaa baada ya sala hufika na kikapu cha matunda, akabusu mkono wa baba yake, akakaa nusu saa, na akiondoka husema, "Dada, ukihitaji chochote niambie." Naye Swafia kwa miaka mitatu amejibu, "Alhamdulillah, hatuna shida." Sasa angegeuka vipi? Angemwambia ana ugonjwa gani, na uko wapi? Dada yao mdogo, Mwanakuu, aliolewa Maskati. Huleta chochote ikifika Idi, na kwenye simu hulia sana. Pesa za hina zilitosha dawa na nepi, zikibaki hununua samaki. Mwanamume wa kuajiriwa? Mgeni aingie nyumba ya mwanamke asiye na mume, watu waseme nini? Na hata akipatikana, je, angejua kwamba mzee hapendi kushikwa bega la kushoto?

Kila alipoinama alihisi uvimbe umekuwa mkubwa zaidi. Alianza kulala na simu mkononi, namba ya Daktari Mirriam ikiwa ya kwanza.

Siku ya Jumanne alimwomba Bi Mwanaesha amkalie mzee, akapanda tuktuk mpaka Kizingo. Alikuwa amesikia kwa bibi harusi mmoja habari za nyumba ya kutunzia wazee, iliyofunguliwa na muuguzi mstaafu. Alijiambia anakwenda kuuliza tu. Kuuliza si dhambi.

Nyumba ilikuwa safi kuliko alivyotaka iwe. Sakafu ilinukia dawa, wazee sita walikuwa kwenye veranda wametengewa meza ya chai, na mlangoni palipangwa ndara, kila pea imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito: Barnabas, Ogutu, Mama Nekesa. Swafia alizitazama ndara zile akawaza jina la baba yake limeandikwa hivyo, na mguu mmoja usiokanyaga.

"Elfu sabini kwa mwezi," msimamizi alimweleza kwa upole. "Nepi na dawa ni juu yenu. Tunaomba ya miezi miwili kwanza."

"Na kuogesha?"

"Wapo wafanyakazi wa zamu, mama. Wamefunzwa."

Alishukuru, akatoka. Hajafika hatua ishirini kutoka getini gari jeupe likasimama kando yake, kioo kikateremka. Alikuwa Raihana, mke wa Hussam.

"Wifi! Mbona huku? Umekuja kwetu?"

"Nilikuja kumpaka mtu hina."

Raihana alitazama mikono ya wifi yake. Hakuwa na mkoba wa hina wala kifuko chochote. Kisha macho yake yakapanda taratibu mpaka kwenye kibao cha ile nyumba.

"Haya," alisema. "Nikupeleke?"

"La, nimeshaita tuktuk."

Hakuwa ameita tuktuk yoyote. Alisimama juani mpaka gari likapinda kona.

Hussam hakungoja Ijumaa. Alifika siku ya pili yake, baada ya alasiri, bila matunda. Alimkuta Swafia ukumbini, na hata salamu yake ilikuwa nusu.

"Dada, ni kweli wataka kumtia baba nyumba ya wazee?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze kwani ni siri? Raihana amekuona! Wataka kumtupa mzee kwa watu, mimi niko hai? Watu watanitazamaje msikitini?"

Swafia alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ni matatu tu: nina ngiri, napasuliwa. Lakini mbele ya ndugu yake wa kiume, aliyemlea yeye mwenyewe mgongoni, ulimi ulikataa kabisa. Akasema lile lililokuwa jepesi.

"Nimechoka, Hussam."

"Umechoka! Kila wiki nakuuliza, kila wiki alhamdulillah. Leo umechoka, na dawa ya kuchoka ni kumtupa baba?"

"Nani kachoka?" sauti ya mzee ilitoka chumbani.

Waliingia wote wawili. Mzee Kamaludin alikuwa ameegemezwa mito, kofia yake imekaa sawa, mkono wa kulia juu ya shuka. Alikuwa na miaka themanini na minne na masikio yasiyokosa kitu.

"Baba," Hussam alisema, "utakuja kukaa kwangu. Nafasi ipo, watu wapo. Dada naye apumzike."

Mzee hakumtazama Hussam. Alimtazama Swafia muda mrefu, akingoja neno lake. Swafia aliinamisha kichwa.

"Haya," mzee akasema.

Walimtoa kwa kiti, Hussam upande mmoja na dereva wake upande mwingine. Madirisha ya jirani yalifunguka kidogo. Bi Mwanaesha peke yake alitoka akaja kusimama na Swafia, na kwa mara ya kwanza hakuitaja pepo.

Siku mbili za mwanzo Swafia alilala kama mtu aliyepigwa. Uvimbe ulitulia. Siku ya tatu alianza kusikia nyumba ilivyo tupu. Alijikuta anachemsha maji ya kuoga saa nne, kisha anayamwaga. Alimpigia Raihana asubuhi, mchana na jioni. "Yuko salama, wifi. Amekula kidogo. Amelala." Jibu lilikuwa lile lile, nalo kila lilipokuwa lile lile hofu yake iliongezeka. Daktari Mirriam naye alipiga kuuliza kama amepata tarehe. Swafia alisema bado kidogo.

Siku ya tano alikwenda kumtazama. Chumba kilikuwa kikubwa, kitanda cha kupandishwa na kushushwa, feni, dirisha linatazama bustani. Msichana wa kazi alikuwa amesimama mlangoni akingoja kutumwa. Mzee alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kila kitu alichokuwa akikifanya Swafia kwa jasho, hapa kilifanywa na watu watatu bila kelele, na badala ya kufurahi alihisi wivu umemchoma. Kisha akaiona midomo ya baba yake. Ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Baba, wanywa maji?"

"Nanywa."

Glasi tupu ilikuwa dirishani, kando ya chungu cha maua. Swafia aliitazama, akaridhika, ingawa si sana.

"Wataka kurudi?" alinong'ona.

"Mmenileta," mzee alisema. "Mkitaka mtanirudisha."

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, simu ililia. Raihana alikuwa akilia hata maneno hayasikiki vizuri. Mzee ameamka hamjui mtu. Anazungumza ovyo. Wako njiani kuelekea hospitali.

Swafia hakumbuki alivyofika. Alimkuta baba yake kitandani, sindano ya maji mkononi, macho yako wazi lakini yanatazama mahali pengine. "Saa ya kadhi haijaisha," alikuwa akisema. "Mwambieni arudi kesho." Alipomwona Swafia alimwita kwa jina la marehemu mkewe, akamwuliza kama watoto wamekula.

Daktari wa zamu alieleza. Mwili umekauka maji, na mkojo una maambukizi yaliyomvuruga akili kwa sababu ya umri. Wamewahi. Siku moja zaidi, asingesema hivyo.

Swafia alitoka nje ya wodi, akamkuta Raihana kwenye benchi la ukumbini.

"Ulimnyima maji?"

"Wifi, wallahi..."

"Siku tisa! Mimi miaka mitatu peke yangu hajawahi kulazwa kwa kiu! Nyinyi wawili, na gari, na msichana, mzee amekauka kama samaki wa ng'onda!"

Wagonjwa waligeuka. Raihana hakujibu kwa ukali. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nilimpa, wifi. Kila saa nilimpa kwa mkono wangu, nikirudi nakuta glasi tupu. Leo msichana ameinua kile chungu cha maua apige deki. Maji yamemiminika mpaka chini ya zulia. Mizizi yote imeoza. Alikuwa akiyamwaga mle."

Swafia alikaa.

Siku ya tatu hospitalini akili zilimrudia Mzee Kamaludin. Alimwamsha Swafia aliyesinzia kitini kwa kumwuliza hii ni Alhamisi au Ijumaa. Alipoambiwa Jumamosi alikunja uso kama mtu aliyeibiwa. Swafia alimlisha uji, akangoja wauguzi wapite.

"Baba, kwa nini ulimwaga maji?"

Mzee alivuta shuka mpaka kifuani.

"Kinachoingia hutoka, Swafia. Mke wa mwanangu anivue nguo? Na yule msichana, umri wa mjukuu? Siku ya kwanza walinibadilisha wote wawili, mmoja huku, mmoja kule. Ni watu wema. Hawakunionyesha uso mbaya. Lakini nikaona bora kiu."

"Kwangu hukufanya hivyo," Swafia alisema, na sautini mwake mlikuwa na majivuno kidogo, ambayo baadaye kila akiyakumbuka alitamani ardhi ipasuke.

Mzee aligeuza kichwa juu ya mto. "Kwako sikuwa na haja ya kumwaga. Weye wanitilia maji, wenda kwa maharusi wako, warudi wayakuta. Mimi nasema sikuwa na kiu, nawe waamini. Tangu Ramadhani nanywa vikombe viwili kwa siku. Na unaponiogesha nafumba macho. Waona nafumba?"

"Naona. Nilidhani wastarehe."

"Weye ni binti yangu," mzee alisema. "Nilikuogesha mimi weye. Naona haya."

Swafia aliinua bakuli la uji, akaliweka, akaliinua tena. Miaka mitatu. Miaka mitatu ya sifa za mtaa, na kumbe tangu Ramadhani baba yake alikuwa akilipa kila kuogeshwa kwa kiu. Alisema anakwenda kuosha bakuli, akatoka.

Raihana alikuwa uani, penye bomba, akisuuza chupa ya chai. Alimwona wifi yake anavyokuja akafunga maji.

"Amekufa?"

"La. Amezungumza." Swafia alisimama. Sijui ni uchovu, au ni lile neno la haya alilolisikia kutoka kwa mzee mwenyewe, lakini safari hii ulimi haukukataa. "Mimi naumwa, wifi. Nina ngiri. Hapa." Akapaonyesha juu ya buibui. "Daktari ataka kunipasua mwezi huu, na nisimnyanyue baba tena. Maisha yangu yote. Ndiyo sababu ulinikuta kule."

Raihana aliiweka chupa chini. "Na ulinyamaza? Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi. Ungekufa na buibui lako mwilini, sisi tukiamini wewe ni mwovu."

"Ningemwambiaje Hussam?"

"Usimwambie. Nitamwambia mimi ni upasuaji, basi. Mahali si lazima." Kisha akaongeza, polepole, "Na wewe pia usimwonee. Hajawahi kukwambia, lakini tangu mizigo ipandishwe reli kwenda bara kazi imekufa nusu. Ameachisha watu wanne. Kila Ijumaa akirudi kwenu hushukuru Mungu umesema hamna shida, maana angesema nini ukisema mnayo?"

Jioni hiyo walikaa watatu kuzunguka kitanda, na Mwanakuu kwenye simu iliyowekwa juu ya mto. Hussam hakuweza kumtazama dada yake usoni. Alileta kiti akakifuta kwa leso, akamwambia, "Kaa, dada, usisimame," na hapo Swafia akajua ameambiwa, na amesikitika kiasi gani.

Mazungumzo yalianza vibaya. Hussam alisema baba arudi Kizingo. Swafia akasema asirudi. Mwanakuu kule Maskati akauliza kwani ile nyumba ya wazee ina ubaya gani, kama ni safi, na wote wawili wakamrukia. Sauti zilipopanda mzee akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake.

"Mwaniuliza au mwaniambia?"

Hussam aliisogeza simu karibu na baba yake.

"Hamjaniuliza hata mara moja. Si weye, si weye, si yule aliye ndani ya simu. Nilipoanguka mlinigawa kama chombo. Sasa nisikilizeni. Nataka kukaa Kibokoni. Nataka mwanamume aniogeshe, mwenye kujua kazi, alipwe haki yake. Swafia nataka asome gazeti aniambie habari, basi. Hilo ndilo la binti."

"Baba, gharama," Hussam alisema kwa sauti ndogo. "Mtu wa maana hapungui elfu ishirini na tano. Kila mwezi. Na hatujui ni miezi mingapi."

"Sema tu. Hamjui nitakufa lini."

"Sikusema hivyo."

"Mimi nasema. Naweza kufa kesho, naweza kuishi miaka kumi, babu yenu alifika tisini na sita. Pangeni ya miaka kumi." Alipumzika kidogo. "Lipangisheni lile duka."

Swafia alishtuka. "Duka lako, baba?"

"Mwalifagia kama kaburi. Lipangisheni, lakini si kwa muuza simu wa kelele."

Hussam alitoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha ya hospitali. Kodi ya duka ingetoa elfu kumi na tano. Yeye angetoa kumi, akalitamka kwa taabu, na safari hii hakuna aliyejifanya kwamba ni kidogo kwake. Mwanakuu angeleta ya nepi na dawa, si ya Idi tena, ya kila mwezi. Hina ya Swafia ilihesabiwa sifuri mpaka apone. Walijumlisha mara tatu. Ilitosha, ilimradi asiumwe mtu mwingine.

Mwanamume huyo alipatikana kupitia muuguzi wa wodi. Aliitwa Kenga, Mgiriama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mabega mapana, aliyekuwa akija asubuhi na kuondoka baada ya alasiri, ili mtaa usipate la kusema. Siku ya kwanza mzee alimpima kama saa iliyoletwa na mtu asiyemjua.

"Wajua kumtawadhisha mtu?"

"Nilimwangalia mzee mmoja wa Kuze miaka minne. Najua, mzee. Maji hayafiki sikioni ila kwa kupakaza."

"Na bega hili?"

"Nimeliona. Sitaligusa."

Wakaingia hamamuni, mlango ukarudishwa. Swafia alibaki ukumbini na taulo mkononi, hana la kufanya. Alisikia maji. Alisikia kitu kimeanguka, akasimama, akajizuia. Ni sabuni. Alisikia kimya kirefu, na katika kimya kile alimwona baba yake ameteleza, kichwa kimegonga sakafu, Kenga ameganda kwa woga. Alikwisha kushika kitasa cha mlango aliposikia mzee anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo alidai saa ya dhahabu, kumbe ni shaba tupu," na Kenga akacheka. Hakuwahi kumsikia baba yake akizungumza wakati wa kuoga. Swafia alikiachia kitasa, akakaa chini, akalia, hata hakujua kama ni kwa faraja au kwa uchungu.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Raihana alikaa naye mpaka alipozinduka. Daktari Mirriam alisema wangekawia kidogo tu lingekuwa jambo jingine.

Haikuwa kwamba mambo yalinyooka. Duka lilichukua wiki saba kupata mpangaji, na wiki hizo Hussam aliuza lile gari jeupe akasema kwamba lilikuwa linakula mafuta. Mwezi wa pili Mwanakuu hakuleta kitu, akalia kwenye simu, Swafia akamwambia kilio hakinunui nepi, wakanuniana siku kumi, kisha zikaja za miezi miwili kwa pamoja. Kenga alipougua homa kwa siku tatu, Hussam mwenyewe alikuja alfajiri akakunja mikono ya shati. Alimmwagia baba yake maji ya moto mno, akatukanwa, akarudi kesho yake. Kila mwisho wa mwezi Swafia huamka na hesabu ile ile kichwani mpaka aone Kenga amelipwa. Kisha hesabu hurudi, kwa sababu mwezi mwingine umeanza.

Lakini mzee anakunywa maji. Birika zima kwa siku, na hulipigia kelele likichelewa.

Asubuhi moja, baada ya Kenga kumaliza kazi yake na kutoka kwenda dukani, Swafia alikuwa akimsomea baba yake gazeti, kiti amekisogeza karibu na kitanda. Alifika kwenye matangazo ya vifo, ambayo mzee huyapenda kuliko siasa. Alikuwa katikati ya jina la marehemu mmoja, mzee alipomkatiza.

"Na weye?"

"Mimi nina nini, baba?"

"Ukifika hapa nilipofika. Nani atakutazama?"

Swafia alilikunja gazeti. Swali hilo alikuwa amekutana nalo mara nyingi, na kila mara alilipita haraka kama mtu apitaye mbele ya nyumba anayodaiwa. Hana mume, hana mtoto. Nyumba hii siku moja itakuwa mirathi ya watu watatu, na fungu kubwa si lake.

"Mungu yupo," alijibu.

"Mungu yupo. Mimi nilikuuliza mtu."

Nje, mpita njia alisalimu madirishani, wakaitikia wote wawili. Swafia aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na wino mweusi wa piko wa harusi ya juzi, ya kwanza tangu apone.

"Sijui, baba," alisema. "Naogopa hata kufikiri."

"Najua." Mzee Kamaludin aliunyosha mkono wake mzima, akaliondoa gazeti magotini mwa bintiye. "Vuta hicho kiti vizuri. Hapa chini pana vyumba viwili, juu pana vitatu, na mimi bado nina akili zangu. Mpigie Hussam aje, na umwambie aje na karatasi, nikuandikie vyumba vitakavyomlipa wa kukutazama."

"Leo?"

"Sasa hivi," mzee alisema. "Na nitilie maji."